Mshtakini Barbara Walters kwa Kosa Lake

Wiki ya mwisho ya Desemba 2022 dawati letu liliandika tanzia mbili mfululizo. Tarehe 29 alifariki Catherine Kasavuli, aliyekuwa sura ya taarifa ya habari kwa Wakenya tangu KTN ilipoanza mwaka 1990. Kesho yake, huko New York, akafariki Barbara Walters, mtangazaji wa televisheni wa Marekani, akiwa na miaka 93. Tanzia ya Kasavuli ilipita bila mtu kutia neno. Ya Walters ilizua kikao. Kijana wa dawati la michezo, glasi ya chai ya rangi mkononi, aliisoma begani kwangu akaguna: "Dada, huyu mama mbona unampamba? Si ndiye yule aliyekuwa anauliza watu wao ni mti gani?" Mwingine akadakia kwamba alikuwa chawa wa matajiri. Wa tatu, bila kuinua macho kwenye simu, akasema yule alipanda kwa vitanda vya wakubwa. Chai haijapoa, mimi nimeshaandika hati nzima ya mashtaka nyuma ya bahasha.

Ile bahasha ninayo mpaka leo. Mashtaka yenyewe si mapya. Mengi yalitungwa Marekani kabla vijana wale hawajazaliwa, yakasafiri hadi kwetu yakidondosha tarehe na majina njiani. Nitayapitia, mengine haraka kwa kuwa hayana uzito. Na niseme mapema kwamba simtetei mtakatifu. Mama huyu ana kosa lake, tena kubwa kwa mtu wa kazi yetu, ila siku ile hakuna aliyelitaja.

Walianza na hili: mtoto wa kishua, alifunguliwa milango na jina la baba. Ni kweli Lou Walters alimiliki kumbi za starehe zilizoitwa Latin Quarter, kwanza Boston, kisha Miami na New York, na Barbara alikua akiwaona mastaa nyuma ya pazia. Mwenyewe alisema ndiyo sababu majina makubwa hayakumtisha ukubwani. Lakini pesa ya ukumbi wa starehe huingia usiku na kutoka usiku huohuo, na baba alikuwa mcheza kamari. Alipanda, akaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1950 biashara ilipomshinda, Barbara ndiye aliyejikuta na mzigo wa baba, mama, na dada yake mkubwa Jackie aliyezaliwa na ulemavu wa akili. Binti wa aina hiyo yupo katika kila ukoo wetu. Ndiye anayepigiwa simu kodi ya nyumba ikifika, na sijasikia mtu akimwita wa kishua.

Shtaka la pili ndilo linalopendwa na wanahabari wenyewe: kwamba hakuwa mwandishi wa habari, alikuwa mburudishaji aliyelipwa mshahara wa kufuru. Mwaka 1976 ABC walimchukua kutoka NBC kwa mkataba wa miaka 5, dola milioni 1 kila mwaka, awe mwanamke wa kwanza kuketi kama mtangazaji mwenza wa taarifa ya habari ya jioni katika televisheni kubwa za Marekani. Hakuna mtangazaji wa habari, wa kike wala wa kiume, aliyekuwa akivuta kiasi hicho. Walter Cronkite wa CBS alisema habari hiyo ilimtia kichefuchefu. Bosi wa habari wa CBS, Richard Salant, akauliza hadharani kama Barbara ni mwandishi wa habari au ni Cher, yule mwimbaji.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina wivu. Nusu ya milioni ile ililipwa na idara ya habari. Nusu nyingine ililipwa na idara ya burudani, kwa vipindi maalumu vya mahojiano alivyotakiwa kuvitengeneza nje ya taarifa ya habari. Kazi mbili, mishahara miwili. Akifanya hivyo baba wa watu tunamwita mchapakazi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Aliingia kipindi cha asubuhi cha NBC, Today, mwaka 1961, nyuma ya kamera, kuandikia wengine maneno ya kusema. Mwaka 1962 alifuatana na msafara wa Jacqueline Kennedy, mke wa rais, kwenda India na Pakistan. Mwaka 1972, Rais Nixon alipokwenda China, Barbara alikuwa mmoja wa wanawake watatu tu katika kundi zima la wanahabari wa msafara ule. Na huku nyumbani, ndani ya studio, alikuwa anaishi chini ya kanuni ambayo nikiwasimulia mabinti wanaokuja mafunzo kazini huwa wanadhani nawatania. Mtangazaji mkuu Frank McGee aliubana uongozi ukakubali kwamba mgeni mzito akija studio, McGee aulize maswali matatu ya kwanza. Barbara aruhusiwe kuanzia la nne.

Mtu aliyewahi kufanya mahojiano ya moja kwa moja anajua maana yake. Mgeni ni waziri, dakika ni chache, msimamizi wa kipindi anaonesha vidole kwamba muda unakwisha. Maswali matatu ya kwanza yanakula mnofu wote. Wewe wa nne unaachiwa mfupa, halafu kesho gazeti linaandika kwamba maswali yako yalikuwa mepesi.

Alichofanya Barbara ni kuisoma kanuni kama wakili. Kanuni ilihusu studio. Basi akawafuata wageni nje ya studio, maofisini mwao, sebuleni kwao, hotelini. Ule mtindo wa kigogo kuketi kwenye kochi lake, maua pembeni, mama akimwinamia na kuuliza kwa sauti ya chini, ambao leo tunaucheka kwamba ni wa kistarehe, ulizaliwa kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Na kwenye mkataba wakala wake akachomeka kifungu kidogo: McGee akiondoka, Barbara atakuwa mtangazaji mwenza. McGee alikuwa na miaka 52, nani angehangaika na kifungu kama hicho? Aprili 1974 McGee akafariki. Kifungu kikasimama, NBC wakakiheshimu.

Mimi mwenyewe nilipoanza kazi niligawiwa harusi, mitindo na mapishi, na mhariri wangu wa wakati huo, ambaye jina lake nalihifadhi, aliniambia hiyo ndiyo "habari ya kike". Habari yangu ya kwanza ya siasa niliipata kwenye harusi, meza ya wakwe. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Barbara alipata habari zake kwenye karamu, namuuliza alitaka azipate wapi, mlango wa mbele ukiwa umefungwa?

Kuna jambo moja la kukiri hapa. Kama msomaji wa taarifa ya habari alishindwa. Mwenzake wa mezani ABC, Harry Reasoner, hakumtaka na hakuficha. Watazamaji walikuwa wanaona baridi ile kupitia kioo. Na katika kipindi chake maalumu cha kwanza, Desemba 1976, alipomhoji Jimmy Carter aliyekuwa ndiyo kwanza ameshinda urais, alimaliza kwa kumsihi awe na hekima kwa Wamarekani na awe mwema kwao. Yalikuwa maneno ya muumini kwa askofu. Kwenye kipindi hichohicho aliwauliza akina Carter kama wanalala kitanda kimoja au viwili. Wakubwa wa fani walimchana, na kwa lile la kumsihi rais walikuwa na haki. Kwa lile la kitanda sina hakika. Niliwahi kusikia wapiga kura wetu wakiuliza makubwa zaidi ya hapo kuhusu wagombea wao.

Lakini mwaka mmoja baadaye, Novemba 1977, Rais wa Misri, Anwar Sadat, alipopanda ndege kwenda Israel, jambo ambalo kiongozi wa Kiarabu hakuwa amelifanya hadharani, ndani ya ndege walikuwamo watangazaji watatu wa Marekani: Cronkite wa CBS, John Chancellor wa NBC na Barbara. Angani Barbara alimpenyezea Sadat kikaratasi cha kuomba mahojiano, kimechorwa visanduku vya kuweka alama, kama fomu ya hospitali. Walipotua akamgeukia Menachem Begin, waziri mkuu wa Israel. Begin akamshawishi Sadat, na wawili hao, ambao nchi zao zilikuwa zimepigana vita miaka 4 tu iliyopita, wakaketi pamoja mbele ya kamera ya Barbara. Cronkite alipata mahojiano yake baada ya hapo. Mwisho wa mkanda wake, kamera ikiwa haijazimwa, anasikika akiuliza kama Barbara amepata chochote ambacho yeye hakupata. Aliyetiwa kichefuchefu mwaka 1976, mwaka 1977 anauliza hivyo. Sihitaji shahidi mwingine wa shtaka hili.

Haya, mti.

Wote mnaijua kwa namna moja: Barbara alimkodolea macho mwigizaji Katharine Hepburn na kumuuliza, bila kichwa wala miguu, yeye ni mti gani. Imekuwa mfano wa swali la kijinga kuliko yote katika historia ya televisheni, na wakufunzi wa uandishi wanaitumia darasani, hata wasiowahi kuyaona mahojiano yenyewe. Ni ya mwaka 1981. Hepburn alikuwa mtu mzima sana, mikono na kichwa vikimtetemeka, ila maneno yamenyooka kama msumari. Anazungumzia uzee. Anasema, yeye mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba sasa amekuwa kitu chenye nguvu sana, kama mti. Barbara anauliza: mti gani? Hepburn anajibu kwamba angependa awe mwaloni.

Ndiyo hadithi nzima. Mzee amejifananisha na mti, na msikilizaji mwenye masikio ameuliza ni upi. Bibi yangu angesema yeye sasa ni mti, nami nisimuulize kama ni mbuyu au mpapai, angeniona sikuwa namsikiliza. Kilichobaki ni kazi ya wachekeshaji. Haohao ndio waliomgeuza "Baba Wawa": Gilda Radner, kwenye kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live, akiigiza ulimi wake uliokuwa unaimeza herufi r. (Kwa sikio la Kiswahili jina hilo limekaa vizuri kuliko walivyokusudia. Katika nyumba yake huyu mama ndiye aliyekuwa baba.)

Na kama kweli alikuwa wa maswali mepesi tu, mbona huyohuyo alimuuliza Muammar Gaddafi, usoni, kuhusu madai kwamba ni kichaa? Alimuuliza Vladimir Putin kama amewahi kuamuru mtu auawe. Fidel Castro alimhoji mwaka 1977, na humo ndani akamsukuma kuhusu magazeti ya Cuba mpaka Castro akakubali kwamba hayaruhusiwi kuupinga ujamaa. Angetoka mwanahabari wa kwetu ikulu na jibu la namna hiyo tungemchinjia mbuzi. Alijiandaa kwa kadi. Aliandika maswali mengi mno kwenye vikadi vidogo, akayapanga, akayapunguza, akayapanga upya. Mepesi alianza nayo kwa makusudi. Nilijifunza kwake, na wazee wa baraza nao wanajua, kwamba ukimuuliza mtu kuhusu mama yake kwanza, milango mingine hufunguka yenyewe.

Hilo la Castro linatuleta vitandani. Uvumi ulizagaa kwamba kuna kitu baina yao, kwa kuwa Castro alimpeleka kwa boti kuvuka Ghuba ya Nguruwe, akamwendesha milimani kwa gari la jeshi, na usiku wa manane, baada ya saa nyingi za kuongea, akaingia jikoni akawaandalia wanahabari mkate wa jibini. Angekuwa mwanaume tungesema Castro alimheshimu. Ushahidi wa zaidi ya mkate huo haujawahi kuletwa na mtu.

Ila penzi moja lilikuwapo kweli, na aliyelitoa hadharani ni yeye. Katika kitabu chake cha maisha, Audition, cha mwaka 2008, alieleza kwamba miaka ya 1970 alikuwa na uhusiano na Edward Brooke, seneta wa Massachusetts, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia Seneti. Brooke alikuwa na mke. Mashtaka ya vitandani yanasema alilala na mwenye cheo ili apande. Hapa mambo yako kinyumenyume. Mwanamke mweupe wa televisheni na seneta mweusi mwenye ndoa, katika Marekani ya wakati ule: siri ile ingevuja ingewazika wote wawili. Walijua hivyo, wakaachana. Hakuna ngazi aliyopanda kwa Brooke. Ningekuwa mwendesha mashtaka ningeliuliza la 2008, sio la miaka ya 1970: kwa nini kulisimulia dukani, wakati Brooke yu hai na wa kwake wapo? Alipata wanunuzi wa kitabu, mwenzake akapata waandishi mlangoni. Kwa sheria ya kazi si kosa. Kwa mila zetu ni kumvua mtu nguo sokoni.

Nimebakiza lile shtaka la chawa, na hapa ndipo nilipomwambia kijana wa michezo avute kiti.

Kula meza moja na wakubwa si kosa. Henry Kissinger, Alan Greenspan, watu wa Wall Street, wenye majumba ya Fifth Avenue, wote walikuwa katika kitabu chake cha simu. Mwandishi asiyejua namba za wakubwa ataandika taarifa za msemaji tu. Lakini kulikuwa na Roy Cohn. Huyu ni wakili aliyekuwa mkono wa kulia wa Seneta McCarthy enzi zile za kuwasaka wakomunisti, baadaye wakili wa Donald Trump kijana na wa wakuu wa mafia. Baba yake Barbara alipotolewa hati ya kukamatwa New York kwa mambo ya kodi, Cohn aliifuta hati ile. Kwa njia gani, Barbara hakuuliza. Mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza, kwa hilo moja alinyamaza maisha yote ya Cohn, na mwaka 1986 mamlaka ya mawakili ilipokuwa ikimfutia Cohn leseni, alisimama kumtolea ushahidi wa tabia njema. Namwelewa. Mtu aliyemwokoa baba yako unamlipa mpaka kaburini. Lakini shukrani ya namna hiyo ina bei, na aliyeilipa ni msomaji na mtazamaji.

Kisha Iran. Desemba 1986, kashfa ya Marekani kuiuzia Iran silaha kwa siri ikiwa inafukuta, Barbara aliwapata watu wawili ambao dunia nzima ilikuwa inawatafuta: dalali wa Kiirani Manucher Ghorbanifar, na Adnan Khashoggi, tajiri wa Kisaudi wa biashara ya silaha, ambaye watu wa Nanyuki wanamkumbuka kwa ranchi ya Ol Pejeta aliyoimiliki. Mahojiano yalikuwa ya nguvu. Tatizo ni kilichofuata. Ghorbanifar alikuwa na ujumbe kwa Rais Reagan, na Barbara akauandika na kuufikisha Ikulu ya White House. Machi 1987 jambo likafichuka kwenye Wall Street Journal. Mwenyewe alijitetea kwamba maisha ya mateka wa Kimarekani yalikuwa hatarini. ABC wakasema amekiuka kanuni zao, wakaishia hapo.

Fikiria kama ni wewe mtazamaji. Unamwona kwenye kioo akimbana dalali wa silaha kwa niaba yako, kumbe kioo kikizimwa anambebea barua. Siku hiyo alikuwa tarishi, na tarishi wa upande ambao alipaswa kuuchunguza.

Angekuwa amekosea mara moja ningesema ni mtego. Lakini Desemba 2011, akiwa na miaka 82, alimhoji Bashar al-Assad, damu ikimwagika Syria. Alimbana vizuri, mahojiano yale yanafundishika. Aliyemfungulia mlango wa Damascus alikuwa msaidizi kijana wa Assad, binti wa balozi wa Syria Umoja wa Mataifa. Miezi michache baadaye binti huyo anatafuta kazi Marekani. Barbara akamwambia kwamba ABC haiwezekani, kuna mgongano wa maslahi. Yaani alijua. Halafu akaandika barua pepe kwa watu anaowajua, ili binti asaidiwe kupata nafasi CNN na chuo cha Columbia. Juni 2012 barua pepe zikavuja.

Huku kwetu tunapigana na bahasha, ile ya nauli wanayoigawa kwenye mikutano na waandishi. Ya Barbara haikuwa na noti ndani. Ilikuwa na barua ya utambulisho, upendeleo kwa upendeleo, na kwa vile ilinukia manukato ya Fifth Avenue hakuna aliyeiita kwa jina lake. Wamarekani miaka 40 wamemcheka kwa mti ambao hakuupanda, wamemhesabia mshahara alioufanyia kazi, wamechungulia chumbani kwake, na barua hizi mbili, ya 1987 na ya 2012, zikapita kama habari za siku mbili.

Kijana wa michezo aliniuliza kama mama mwenyewe aliwahi kuona kosa lake. Nilimwonesha mambo mawili. Kaburi lake liko karibu na Miami, jirani na wazazi wake na Jackie, na kwenye jiwe pameandikwa kwamba hana majuto, alikuwa na maisha mazuri. Na kuna taarifa yake fupi ya Juni 2012, aliyoitoa baada ya barua za Syria kuvuja, ambamo anakiri mgongano wa maslahi na kusema kwamba anajutia.